Mabishano ya rezo na mabishano ya konsole: mashariki ya Kongo swali limekuwa moja

Ku kartiye za Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia, kuko mabishano mawili ambayo vijana hawachoke nayo. Ya kwanza ni ya rezo: kati ya Vodacom, Airtel na Orange, ni gani inashika muzuri, ni gani inamaliza mega haraka, na ni gani itafika mbele ya zingine ku kijiji cha wazazi. Ya pili ni ya konsole za muchezo: PlayStation ya Sony, Xbox ya Microsoft ao mashini ya Nintendo, ni gani ya kununua wakati mutu amefaulu kukusanya feza.

Kwa miaka mingi, mabishano hayo yalikuwa mbalimbali. Mutu aliweza kucheza mupira ku PlayStation pasipo kujua rezo ni nini. Alihitaji televizyo, umeme na diske tu. Sasa mambo yamebadilika. Konsole za leo zinajengwa kwa kufikiria kwamba kila nyumba iko na intaneti ya nguvu na ya bei ndogo. Fasi ambapo intaneti hiyo haiko, konsole ya dola mia tano inaweza kubakia sanduku tu. Kwa hiyo kijana anayebishana juu ya Sony na Microsoft, na mama anayelalamika kwamba antena haifike ku kijiji chake, wako katika mabishano moja pasipo kujua.

Mwaka wa 2013: konsole iliyoomba intaneti kila siku

Jambo hilo lilionekana wazi kwa mara ya kwanza mwaka wa 2013. Mu mwezi wa 5 mwaka huo, Microsoft ilionyesha konsole yake mupya, Xbox One. Kisha ikaeleza kwamba mashini hiyo itapaswa kuingia ku intaneti angalau mara moja kila saa 24. Ikikosa, michezo haingefunguka, hata kama mutu alilipa bei yote. Pia, kuuza diske ya zamani ao kuiazimisha rafiki kungewekewa masharti.

Wachezaji wengi walikasirika. Mukubwa wa Xbox wa wakati huo, Don Mattrick, alipoulizwa juu ya watu wasio na intaneti, alijibu kwamba kwao kuko Xbox 360, ni kusema mashini ya zamani. Maneno hayo yaliongeza moto. Tarehe 10 mwezi wa 6, Sony ilipanda ku jukwaa kule Los Angeles na kutangaza kwamba PlayStation 4 haitaomba intaneti kwa kucheza diske, kwamba diske ya zamani itaweza kuuzwa na kuazimishwa sawa mbele, na kwamba bei itakuwa dola 399. Xbox One ilikuwa dola 499.

Tarehe 19 ya mwezi uleule, Microsoft ilirudi nyuma na kuondoa sharti hilo. Lakini ilikuwa imechelewa. PlayStation 4 iliuzwa zaidi ya milioni 117 katika dunia. Mu mwaka wa 2022, mu makaratasi ya kesi kule Brazil, Microsoft yenyewe ilikubali kwamba Sony iliuza zaidi ya mara mbili ya konsole zake za wakati huo. Kuko sababu zingine pia, kati yake bei na michezo yenyewe. Lakini wengi wanaofuata biashara hiyo wanaona kwamba kosa la kusahau watu wasio na intaneti lilikuwa na uzito mukubwa.

Diske inaondoka pole pole

Leo hakuna kompanyi inayosema kwa nguvu kwamba intaneti ni lazima kila siku. Njia imekuwa ingine: diske inaondolewa pole pole.

PlayStation 5 ilipotoka mu mwezi wa 11 mwaka wa 2020, kulikuwa aina mbili: moja ya dola 499 yenye fasi ya diske, na ingine ya dola 399 isiyo na fasi hiyo. Kwa upande wa Microsoft, Xbox Series S, iliyotoka mwaka wa 2020 kwa dola 299, haina fasi ya diske hata kidogo. Mwaka wa 2024, PlayStation 5 Pro ilitoka kwa karibu dola 700, nayo haina fasi ya diske; anayeitaka anapaswa kununua kifaa pembeni. Na kifaa hicho chenyewe, mara ya kwanza ya kukifunga ku konsole, kinaomba intaneti. Nintendo nayo, ilipotoa Switch 2 tarehe 5 mwezi wa 6 mwaka wa 2025, ilikubali aina ya karte ambayo ndani yake hamuna muchezo: muna ufunguo tu, na muchezo wenyewe unashushwa kupitia intaneti.

Kwa mutu wa Paris ao Tokyo, hiyo si shida kubwa. Kwa mutu wa Beni, tufanye hesabu. Michezo mingi mikubwa ya leo iko na uzito wa giga 50 mupaka 100, na mingine inapita hapo. Rezo inayopitisha megabiti 2 kwa segonde, pasipo kukatika hata mara moja, itashusha giga 100 kwa zaidi ya siku 4 na nusu, muchana na usiku. Rezo ya megabiti 20 kwa segonde itaifanya kwa karibu saa 11. Na hapo bado hatujahesabu bei ya forfe ya giga 100, wala umeme ambao unaweza kuenda katikati ya kazi.

Nyumba za play ziko hatarini

Katika miji yetu, vijana wengi hawana konsole yao wenyewe. Wanaenda ku nyumba ya play: chumba kidogo, televizyo mbili ao tatu, PlayStation za mukono wa pili, na maneti zilizotengenezwa mara nyingi. Mutu analipa kwa partie moja ao kwa dakika, anayepigwa anaachia mwengine nafasi. Mwenye chumba anapata cha kulisha jamaa. Biashara hiyo ilijengwa juu ya kitu kimoja: diske ao muchezo ambao ukishaingia mu mashini, hauombe mutu ruhusa tena.

Ndiyo sababu PlayStation 2 iliishi muda murefu hivi. Ilitoka mwaka wa 2000, na michezo ya mupira iliendelea kuifikia mupaka PES 2014 na FIFA 14. Ni konsole iliyouzwa zaidi ya milioni 155, hakuna ingine iliyoipita.

Lakini mufalme wa nyumba hizo, PES ya kompanyi Konami, amebadilika. Mwaka wa 2021, Konami iliacha jina hilo na kutoa eFootball, muchezo wa bure ambao haufike tena mu duka kwa diske, unashushwa tu. Neno "bure" linapendeza masikio, lakini mashariki ya Kongo muchezo wa bure unaoomba giga nyingi na kurekebishwa kila mara si bure. Bei imetoka ku diske, ikahamia ku mega. Zamani mwenye chumba alilipa mara moja. Sasa analipa kila kompanyi ya rezo inapouza forfe.

Kuko pia swali la haraka ya rezo. Mutu anapocheza na mutu wa muji mwengine, amri ya maneti inasafiri mupaka ku serveri na kurudi. Satelite za zamani ziko kilometre karibu 36 000 juu ya dunia, na safari ya kuenda na kurudi inachukua karibu nusu segonde: golikipa anaruka wakati bao limekwisha kuingia. Satelite za Starlink ziko chini sana, karibu kilometre 550, kwa hiyo ucheleweshaji ni kidogo zaidi. Antena ya 4G iliyofungwa ku fibre nayo inafanya kazi muzuri, kama watu hawajaa juu yake.

Kongo haimo ku orodha

Hata yule mwenye konsole mupya na rezo nzuri anakuta mulango mwengine. Huduma ya intaneti ya Sony, PlayStation Network, haina Kongo ndani ya orodha ya inchi inazozitambua. Kijana wa Bukavu anayefungua konti anachagua inchi ya watu: Ufaransa, Ubelgiji ao Afrika ya Kusini. Kisha anatafuta karte ya malipo inayofanana na inchi hiyo. Feza yake ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, anayotumia kila siku kwa kununua unga, haimusaidie hapo.

Jambo hilo lilijulikana katika dunia nzima mu mwezi wa 5 mwaka wa 2024. Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 ku ordinatere wawe na konti ya PlayStation Network, hata kama muchezo ulikwisha kuuzwa mu inchi ambazo hazina huduma hiyo. Muchezo ukaondolewa ku duka katika inchi na maeneo zaidi ya 170. Wachezaji walipiga kelele sana, na mu siku chache Sony ikaacha sharti hilo. Kwa mara ya pili, sawa vile mwaka wa 2013, kompanyi kubwa ilirudi nyuma kwa sababu watu walikataa.

Kwa hiyo vijana wengi wa hapa wamekwisha kuchagua konsole ingine, ambayo Sony wala Microsoft haikuitengeneza: telefone. Free Fire inacheza hata ku telefone ya bei ndogo. eFootball iko ku telefone pia. Katika dunia, karibu nusu ya feza yote ya michezo ya video inatoka ku telefone. Na hapo mabishano ya konsole yanarudi moja kwa moja ku mabishano ya rezo.

Antena 2 000 za vijiji

Mu mwezi wa 5 mwaka wa 2025, Vodacom na Orange, ambazo ni washindani, zilitangaza kwamba zitaunda pamoja kompanyi ya kujenga antena mu vijiji vya Kongo. Mupango ni kufikia antena 2 000 kwa miaka 6, zote kwa nguvu ya jua, zenye 2G na 4G, na kufikia watu mupaka milioni 19.

Sababu ya washindani kushikana mikono inaeleweka. Antena ya kijiji inaomba vitu vitatu: umeme, njia ya kurudisha mawasiliano ku rezo kubwa, na mutu wa kuitunza. Mu inchi ya kilometre za mraba zaidi ya milioni 2.3, yenye barabara zinazokatika kila musimu wa mvua, kupeleka mazuti kwa jenereta kunaweza kula faida yote. Jua linaondoa muzigo huo. Na kompanyi mbili zikigawana munara, hakuna haja ya kujenga miwili kando kando, sawa tunavyoona mu miji wakati vijiji vya pembeni havina hata mumoja.

Lakini mabishano yako hapo pia, na ni ya maana. Wa kwanza wanasema: vijiji kwanza. Mama aliye na mimba kule Walikale ao Shabunda anahitaji kuita kituo cha afya, hahitaji 5G. Wa pili wanasema: miji kwanza, kwa sababu ndiko watu wanalipa, na feza ya miji ndiyo itajenga antena za vijiji. Wa tatu wanasema: tuache antena, tuchukue satelite. Hao walipata nguvu mu mwezi wa 5 mwaka wa 2025, wakati ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, ilipotoa ruhusa kwa Starlink, ambayo mwaka mumoja mbele ilikuwa imekatazwa.

Kila upande uko na ukweli wake. Lakini kuko jambo moja ambalo matangazo hayaseme kwa sauti: "rezo imefika" si jibu kamili. Kijiji kilichopata 2G kinaweza kuita na kutuma feza, na hiyo ni kitu kikubwa. Wakaaji wa Goma walijionea mwaka wa 2025: benki zilipofungwa kisha muji kuingia mukononi mwa AFC/M23 mu mwisho wa mwezi wa 1, watu wengi walitegemea feza ya mu telefone kwa kuishi. Lakini kwa masomo, kwa video na kwa muchezo, 2G haitoshe. Na wakati kompanyi mbili zinatumia munara mumoja, munara huo ukianguka ao ukiibiwa betri, zote mbili zinanyamaza siku moja. Pia, washindani wakishakuwa ndugu mu kijiji, nani atashusha bei? Hapo ndipo kazi ya ARPTC inapoanza.

Kuko kipimo ambacho Umoja wa Mataifa unatumia: intaneti ya musingi isipite asilimia 2 ya mapato ya mutu kwa mwezi. Kwa mutu anayepata dola 50 kwa mwezi, hiyo ni dola 1. Kila mutu anaweza kuangalia ku telefone yake ni giga ngapi anapata kwa dola 1, na kujua yuko wapi.

Kipande kidogo kinachotoka hapa

Mashariki ya Kongo iko na haki ya pekee ya kuingia katika mabishano haya. Ndani ya telefone, ndani ya konsole na ndani ya vifaa vya antena, kuko vipande vidogo vinavyotunza umeme, na vingine vyake vinatengenezwa kwa tantale, madini inayotoka ku koltani.

Mwaka wa 2000, PlayStation 2 ilipotoka na telefone zilipoenea katika dunia, bei ya tantale ilipanda mara nyingi kwa muda mufupi. Watu waliacha mashamba ya Masisi na Kalehe, wengine wakaingia ku mbuga ya Kahuzi-Biega kwa kuchimba. Mwaka wa 2001 bei ikaanguka, na wengi wakabakia bila shamba na bila feza. Wengine waliita vita hiyo "vita ya PlayStation". Jina hilo linapita kipimo: vita ilianza mwaka wa 1998, mbele konsole hiyo haijatoka, na telefone na ordinatere zilikula tantale pia. Lakini Umoja wa Mataifa ulionyesha mwaka wa 2001 kwamba biashara ya madini ililisha wapiganaji.

Hadisi hiyo haijaisha. Mu mwezi wa 4 mwaka wa 2024, M23 ilikamata Rubaya, mu Masisi. Mu mwezi wa 9, Bintou Keita, aliyekuwa akiongoza MONUSCO, alielezea Baraza la Usalama kwamba madini ya Rubaya ni zaidi ya asilimia 15 ya tantale yote ya dunia. Basi, vilima vinavyosaidia konsole na antena za dunia kufanya kazi viko kati ya fasi ambapo kupata rezo nzuri bado ni bahati.

Kelele inayofaa

Wengine watasema kwamba kubishana ni bure, kwa kuwa kompanyi zinafanya zinachotaka. Ushuhuda unaonyesha mambo mengine. Microsoft ilirudi nyuma mwaka wa 2013, Sony mwaka wa 2024. Na hapa kwetu, kodi ya RAM, iliyokatwa ku uniti za watu tangu mwaka wa 2020, iliondolewa mu mwanzo wa mwaka wa 2022, kisha wakaaji kulalamika na wabunge kuipinga wazi mu bunge. Mara zote tatu, watu walitaja jambo moja la wazi, na wakalirudilia mupaka likasikiwa.

Kwa hiyo, kwa anayenunua konsole, maswali ni mafupi: iko na fasi ya diske? Muchezo uko wote ndani ya diske? Unafunguka pasipo intaneti? Muuzaji akishindwa kujibu, bora kutunza feza.

Na kwa kijiji kinachoahidiwa antena, kuko maswali ambayo shefu na wakaaji wanaweza kuuliza mbele ya kutoa kiwanja: ni 2G peke yake ao na 4G? Ni jua ao mazuti? Nani atakuja ikiharibika, na kwa siku ngapi? Giga moja itauzwa bei gani, na ni sawa na bei ya muji? Majibu yaandikwe ku karatasi, kopi moja ibakie ku kijiji.